Nguo za Jirani na Jua Lote Lile

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Umepotea wapi wewe, binti yangu? Kupiga simu huwezi, kuja huwezi. Mjini kuna gundi? Haya, nakuandikia humu daftarini. Usicheke mwandiko, herufi nimefundishwa uzeeni na kile kipindi cha nyimbo za watoto.

Watu wa kipindi hicho wanakuja mtaani Alhamisi kumchagua Bibi Mwema wa kuimba kwenye televisheni. Mwanao hakosi kipindi. Ukiniona pale utakumbuka una mama. Nafasi ni yangu!

Jumanne, tarehe 5

Mpinzani ni mmoja: jirani yangu, fundi cherehani. Anawashonea yatima bure. Mjanja huyo! Leo kasikia nina mafua, kaniletea supu. Nimeinywa yote. Tamu, lakini nia yake naijua.

Jumatano, tarehe 6

Nimepata! Wema usioonekana ni hasara tupu. Alfajiri nitaanua nguo zake kambani, nizikunje, nimkabidhi mbele ya kamera, niseme nimeziokoa na mvua. Kasuku, mtoto wa kaka yako, akauliza mvua gani. Nikamwambia alale.

Alhamisi, tarehe 7

Jamani! Kumbe alifua zote, hadi ya mwisho, kwa heshima ya wageni. Kamera ikafika, fundi akatoka kajifunga pazia. Pazia la maua! Wageni wakapiga makofi. Wakasema bibi huyu kajipamba kwa ajili ya watoto.

Nikajitokeza na furushi, jua linachoma, nikatangaza habari za mvua. Wote wakatazama juu. Ndipo Kasuku akaanza wimbo wa juma hili, ule wa kisicho changu nakirudisha, kidole kikinielekea mimi. Mtaa mzima ukaitikia. Hata mimi nikaitikia. Ni mtamu sana.

Fundi wala hakugomba. Akanishika mkono, akawaambia dada yake huyu humsaidia mno kazi za nyumbani. Sijawahi kutukanwa hivyo maishani!

Kachaguliwa yeye.

Jumamosi, tarehe 9

Kipindi kimetoka. Fundi kaimba vizuri, kwa mtu mwenye sauti ile. Lakini kabla yake wameniweka mimi na furushi langu, kuwaonyesha watoto mfano wa jambo lisilofaa. Na simu ikalia! Wewe! Kuongea huwezi kwa kicheko, mwanao nyuma yako anapiga kelele kwamba Bibi kaiba nguo. Ukasema kesho mnakuja.

Umeona? Mpango ulikuwa safi tangu mwanzo.

Jumapili, tarehe 10

Mmekuja, mmekula, mmeondoka. Nyumba imepoa ghafla. Mlangoni mwanao alilia kiatu chake cha kushoto, mkapekua kila kona, mkambeba mguu mtupu. Msikitafute tena. Kiko chini ya mto wangu. Kasuku alianza kile kiwimbo chake, nikamziba mdomo kwa biskuti.

Ukija Jumapili ijayo kukichukua, mlete na mwenye mguu. Na wewe vaa viatu vyako vile vizuri, uviache mlangoni.