Bagula na Vyuma vya Rivolva

Siku ya maonyesho ya silaha, Bagula alikuwa akipiga deki ukumbini Shively, pembeni mwa jiji la Louisville, Marekani, kwa mwendo wa mtu anayelipwa kwa saa, aliposikia mzee mmoja wa Kizungu akilalamika. Akaegemea mpini wa dekio, akafumba jicho moja. Ukimwona Bagula amefumba jicho moja, jua kuna mtu karibu atakayelia.

Mlalamikaji aliitwa Wendell. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya kiwindaji iliyokuwa mpya mno, naye alikuwa akimweleza muuza mikanda masaibu yake. Ana rivolva kubwa, ile bastola ya silinda inayozunguka, ya risasi nene kama kidole gumba.

"Nikishapiga zile tano," alisema, "nabaki kuchomeka moja moja kama bibi anayetunga shanga. Natafuta kile kifaa cha duara kinachoshika risasi zote na kuziingiza kwa mpigo mmoja. Vya bunduki ndogo vimejaa tele. Vya hii yangu, hakuna! Chama chetu kingelipa dola elfu kumi na mbili kwa sanduku moja."

Bagula akaliacha dekio lielee ndooni.

"Mzee," akasema kwa Kiingereza chake cha Jumapili, "mimi ni mtu wa kutafuta vitu."

Wendell akamtazama juu mpaka chini. "Wewe ni Mkongo? Basi huenda ukaweza. Kuna fundi chuma Columbus, Mrundi, anaitwa Zabroni. Anajua vilipo, lakini kwangu anafunga mdomo. Kwa Kiswahili chenu labda ataufungua."

Akampa namba yake ya simu, anwani ya Zabroni na picha ya kifaa. Pichani, kikubwa na kidogo ni sawa. Bagula, ambaye hajawahi kumiliki hata manati, hakuuliza kipimo.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini akamzike shangazi yake, ambaye mwaka ule alikuwa ameshamzika mara mbili, akaingia ndani ya Camry ya rangi ya fedha na kushika njia. Gari hilo zamani lilikuwa la Spés, dada wa Kirundi wa pale Iroquois, mtaa wa Bagula, anayetunza wazee majumbani. Bagula alimshawishi aliandikishe kwa jina la Bagula, eti bima ishuke. Na bima ilishuka kweli: Spés hakuwa tena na gari la kukatia bima.

Zabroni alimpokea mtaani Linden, Columbus, kwenye ngazi za mbele ya nyumba.

"Bon, kaka Zabroni," Bagula alianza, "donc, ile kitu ya kutia masasi mara moya, iko wapi? Naitafuta kwa kazi ya kanisa."

"Ya kupakia risasi? Kwa kanisa?"

"Kanisa yetu iko na maadui mingi."

Zabroni akakuna kichwa, akasema aliapa kutosema, akajikuna tena. Kiapo chake kilidumu mpaka Bagula alipomnunulia paja la mbuzi na makreti mawili ya soda.

"Kuna mjane Buffalo, Mama Nyirabeza," akanong'ona. "Marehemu mumewe alikuwa akifagia duka la bunduki. Duka lilipofungwa, wakampa sanduku zima. Mama mwenyewe anadhani ni vipuri vya cherehani."

Bagula alicheka peke yake kutoka Columbus hadi kando ya Ziwa Erie.

Mama Nyirabeza alimkaribisha kwa chai na sala ndefu, ambamo alimwombea mgeni msamaha wa dhambi anazozijua na zile anazoelekea kuzitenda. Kisha akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Vyuma arobaini vya duara, vinang'aa.

Bagula akakishika kimoja kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika panya mfu. "Mama, hii kitu iko na sumu. Ni ya usine, ya kiwanda. Serikali ikiikuta kwako, utalipa amende kubwa. Miye nitakutolea bure."

"Aksanti, mutoto wangu. Basi nitaitupa kesho, gari ya taka inapita asubui."

"Hapana!" Jasho lilimtoka Bagula, na nje kulikuwa na theluji. "Itaharibu mazingira!"

Mama akamtazama kwa upole. "Kumbe iko na bei?"

"Bei kidogo, mama. Kidogo sana. Nakupa dola makumi tano."

"Makuta inaisha, feza haikae. Bwana yangu aliniambia hii njo urizi yangu. Miye niko na lazima ya gari, nikuwe naenda ku kanisa bila kutembea mu hii baridi."

Bagula akapima. Upande huu, gari alilolipata kwa maneno. Upande ule, elfu kumi na mbili. Akatia sahihi kwenye hati ya gari papo hapo.

"Jina ya mununuzi uache wazi," mama alisema. "Mukwe yangu atajaza."

Alirudi Louisville kwa basi, sanduku mapajani, akitabasamu mpaka abiria wa jirani akahama kiti. Simu ya Wendell ikawa haipatikani. Haidhuru. Jumamosi kulikuwa na maonyesho mengine, naye akaenda moja kwa moja kwa yule muuza mikanda.

Muuza mikanda akachukua risasi nene na kuiweka juu ya tundu la kifaa. Ikakaa hapo juu kama yai kwenye mdomo wa chupa.

"Hivi ni vya rivolva ndogo," akasema. "Hata mimi ninavyo. Kimoja dola kumi."

"Na Wendell, mwenye ile rivolva kubwa?"

"Rivolva gani? Yule ni mwalimu wa maigizo, amestaafu. Ametoka hapa sasa hivi, amerudisha kofia."

Bagula akatoka mbio na sanduku lake. Kwenye maegesho, Camry ya rangi ya fedha ilikuwa ikiunguruma. Usukani ulishikwa na Spés, amevaa sare ya kazi. Pembeni yake Wendell alikuwa akifunga mkanda.

"Wezi!" Bagula alipiga kelele. "Ile gari miliuzisha kwa Mama Nyirabeza!"

Spés akashusha kioo. "Mama Nyirabeza ni mkwe wa Zabroni. Zabroni ni kaka yangu, ndiye aliyejaza jina langu kwenye hati. Hukuwahi kuniuliza kama nina ndugu, kaka Bagula."

"Naita polisi!"

Spés akamnyooshea simu yake. "Piga. Anza kuwaeleza gari langu lilivyogeuka kuwa lako."

Bagula akaishika ile simu. Akaitazama. Wendell naye alimtazama Bagula kwa makini, kama mwalimu anayesubiri mwanafunzi akumbuke mstari wake. Hatimaye Bagula akarudisha simu, akahamishia sanduku kwapani.

"Bon," akasema kwa sauti ndogo, "donc... munaweza kunifikisha Iroquois?"

Spés akafikiri. Alifikiri kweli, maana ni Mkristo.

"Nilikwenda kwa mzee huyu kwa miguu miezi minne," akasema. "Alikuwa akinisubiri dirishani, dawa zake zimechelewa. Kutoka hapa hadi kwako si mbali kama ile njia yangu."

Kioo kikapanda, gari likaondoka.