Triga ya Baba Mkwe

Jumatatu, 10 Machi

Habari kubwa! Baba mkwe anastaafu kuwinda. Magoti yamegoma. Ametuita sebuleni, mimi na mwanyumba wangu, akailaza bunduki mezani na kututazama mmoja mmoja. Hana mtoto wa kiume. Ana wakwe wawili: mimi, fundi wa cherehani, na huyo mwanyumba, daktari wa meno, aliyemwoa dada ya mke wangu. Bunduki ataichukua atakayelenga vizuri zaidi Jumapili, kwenye uwanja wa shabaha wa chama cha wawindaji. Risasi tano kila mtu, bunduki ileile. Vibali tunavyo sote. Nitaifanyia mazoezi mimi hadi Jumatano, yeye Alhamisi na Ijumaa, kisha Ijumaa jioni inarudi kwangu niisafishe.

Baba mkwe humwita mwanyumba "mwanangu". Mimi mwaka wa kumi na moja huu naitwa "bwana cherehani". Bunduki naitaka, ndiyo. Lakini lile neno nalitaka zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Uwanjani. Risasi sita, matundu sifuri. Moja ilitoboa karatasi ya jirani. Akanishukuru.

Kosa nimeligundua: ni triga. Nzito kama droo iliyovimba kwa mvua! Navuta, navuta, haitoki. Inakuja kufyatuka nikiwa nimeshaanza kuwaza mambo mengine. Nikamwita fundi bunduki, mzee mwenye jozi mbili za miwani, moja puani na nyingine kipajini. Nikamwomba ailegeze. Akanisikiliza, akaijaza mwenyewe, akaniambia nilenge. Nikavuta. Tik! Kimya. Alikuwa ameweka risasi bandia, mzee huyu. Mimi nilikuwa nimeshajikunja, macho nimefumba, kofia iko chini.

Akasema triga haina neno, ugonjwa unaanzia kidoleni kurudi nyuma. Akasema pia kwamba triga ikilegezwa kupita kiasi, bunduki hujifyatukia yenyewe. Akakataa katakata kuigusa. Wivu wa kitaalamu! Nawajua mafundi, na mimi ni mmoja wao.

Jumatano, 12 Machi

Nimefunga karakana na kutundika kibao: NIPO KWA MTEJA. Nimehakikisha bunduki haina risasi, mara tatu. Mimi si mwendawazimu. Nikatoa kitako, na hapo ndani, skrubu tatu ndogo, kila moja na tone la rangi nyekundu ili ajulikane atakayezigusa. Ndiyo hii tu wanayoifanya siri? Nimekaza na kulegeza skrubu za cherehani miaka kumi na tisa!

Nusu mzunguko. Bado nzito. Mzunguko mzima. Springi ikaruka! Ikagonga kioo cha saa ya ukutani na kutoweka. Nimetambaa sakafuni saa nzima. Nimepata vifungo kumi na viwili, na sindano moja, hiyo nimeipata kwa goti. Springi hakuna.

Si kitu. Nimechukua springi ya mguu wa cherehani, ikaingia kana kwamba ilizaliwa humo. Na triga sasa! Unaigusa tu, tik. Nikifunga bolti, lile komeo la nyuma ya mtutu, kwa nguvu, inafyatuka hata kabla sijaigusa. Bunduki inayomwelewa mtu, hiyo! Muhuri nimeurudishia kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Yake ni ya waridi, yenye kumetameta. Lakini nani atachungulia ndani ya kitako?

Alhamisi, 13 Machi

Mwanyumba amekuja asubuhi, amechukua bunduki, amekwenda. Gari lake lilipokata kona ndipo akili ikanirudia. Utamu wote ule nimemkabidhi adui! Kwa mikono yangu! Nimeula wa chuya.

Mke wangu kauliza kwa nini chupa yake ya rangi ya kucha inanuka mafuta ya mashine. Nimemjibu kwamba nilikuwa natia alama kwenye cherehani ya mteja. Akainusa tena chupa, halafu akaendelea kukunja nguo.

Ijumaa, 14 Machi

Mwanyumba kairudisha, meno yote nje. Amefanya mazoezi bila risasi hospitalini kwake, akilenga picha ya gego ukutani. Anasema hakujua kama bunduki ya mzee ni laini hivi. Anasema ni kama kung'oa jino la mtoto. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumamosi, 15 Machi

Hila ya kwanza: niikaze sana leo, yeye aanze kulenga nayo ikiwa ngumu, kisha mimi niombe dakika kumi za kwenda kuilegeza. Kasoro: dakika kumi hizo nitakuwa wapi? Chooni? Mwanamume anayeingia chooni na bunduki ataulizwa maswali.

Hila ya pili: niiache ilivyo, niwahi kulenga kwanza, nimtie presha. Nimechagua hii. Nimemwambia mke wangu yote namwachia Mungu. Kauliza yote yapi.

Jumapili, 16 Machi

Sijui nianzie wapi.

Msimamizi wa uwanja ni mama mmoja mrefu, mwalimu wa hesabu. Hukagua kila bunduki kabla haijaruhusiwa. Akahakikisha yetu ni tupu, akafunga bolti, akagonga kitako kwa nyundo ya mpira. Tik. Akarudia. Tik. Akasema, kwa sauti ya kufundishia, kwamba ingekuwa na risasi, sasa hivi ingekuwa imeshatoka. Mtutu ulikuwa umeelekea kwenye kilima cha mchanga, lakini dakika tano kabla, nilipoishusha kutoka garini, ulielekea kwenye magoti ya baba mkwe. Nililikumbuka hilo. Niliogopa, na niliona aibu kwelikweli.

Fundi bunduki akaitwa, akaifungua palepale mezani. Waridi! Ikametameta juani ukoo mzima ukiinama kutazama. Mke wangu akatangaza kwamba rangi hiyo anaijua, ni yake. Mwanyumba akaanza kuapa kwamba yeye hakugusa kitu. Fundi akaichomoa springi kwa kibano, akainyanyua, akauliza huyu ni mdudu gani. Basi hapo ufundi ukanipanda kichwani. Nikamweleza kwamba ni springi ya mguu wa cherehani, ile ya kushonea turubai, na kwamba siku hizi ni adimu. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena ni nani.

Fundi aliweka springi halali, akarekebisha kila kitu kama zamani, akapaka nyekundu yake. Mimi nikasubiri kufukuzwa. Baba mkwe akasema nilenge.

Risasi ya kwanza, mchangani. Ya pili, ya tatu na ya nne, mchangani vilevile. Kabla ya ya tano baba mkwe akaja akichechemea, akakaa kando yangu kwenye kigoda, akaijaza mwenyewe huku akinificha. Akaninong'oneza kwamba huenda ni ya kweli na huenda ni ya bandia, kwa hiyo nisijisumbue kuogopa. Nikajua ni ya bandia. Hawanidanganyi mara mbili! Nikavuta taratibu, macho wazi, kwa dharau kabisa.

BOOM!

Katikati! Katikati penyewe! Baba mkwe akanipiga mgongoni, akasema umeona sasa, mwanangu, triga haikuwa na tatizo. Mwanangu! Mbele ya watu arobaini! Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

Mwanyumba alipata tano kwa tano. Bunduki ni yake, na haikuniuma hata kidogo. Kabla hatujaondoka, fundi bunduki aliniapisha mbele ya baba mkwe kwamba sitagusa tena triga kwa bisibisi maishani mwangu. Niliapa kwa sauti kubwa.

Jumanne, 18 Machi

Mwanyumba kaja karakanani na bunduki ndani ya mfuko wake. Kafunga mlango mwenyewe. Anasema tangu itengenezwe anaiona nzito. Anazikumbuka zile siku mbili. Akauliza kama haiwezekani kuilegeza kidogo, kidogo tu, mzee asijue.

Nilikataa. Nilimweleza habari ya kiapo, nikamweleza na magoti ya baba mkwe. Niliongea vizuri sana, hata mimi mwenyewe nilijisikia fahari. Akanywea, maskini. Akafungua mkoba wake wa kazi kutafuta leso.

Mungu wangu, vifaa vilivyokuwa humo! Vyembamba, vinang'aa, ncha zimepinda hivi na vile, na kioo kidogo cha kuchungulia pembeni! Kiapo kilisema bisibisi. Nakikumbuka vizuri, nilikipigia kelele. Na katika mkoba ule hakuna bisibisi hata moja.

Nimemwambia tuanze na robo mzunguko tu. Robo mzunguko haijawahi kumdhuru mtu.