Abiria wa Kwanza wa Metro ya Kolkata

Jumapili, 15 Septemba

Mimi bahati nilizaliwa nayo. Wenzangu wanavaa pete za vito vidole vyote wakiisaka. Mimi inanifuata yenyewe kama mbwa anavyomfuata muuza nyama. Ushahidi: tarehe 24 Oktoba, miaka arobaini iliyopita, treni ya kwanza ya chini ya ardhi katika India nzima ilifungua milango pale stesheni ya Esplanade. Mguu wa kwanza wa raia kuingia ulikuwa wa kulia, una kandambili ya bluu. Mguu wangu! Mimi, Bhombol. (Kwenye vyeti naitwa Sadhan Koley, lakini jina hilo wanalijua benki tu.)

Leo mkutano wa Klabu ya Vijana ya mtaa wetu hapa Bhawanipur. Kijana mdogo kuliko wote ana miaka hamsini na minane. Ajenda: banda la sikukuu ya mungu wetu wa kike, mama Durga. Mwaka jana tulijenga piramidi ya vikombe vya udongo. Mbwa wakaikojolea. Tukawa wa mwisho kwenye mashindano ya mabanda, na mtaa wa pili hawajamaliza kutucheka hadi leo.

Nikasimama. Nikasema mwaka huu tujenge stesheni ya metro! Miaka arobaini ya reli yetu! Durga akae chumba cha dereva, simba wake awe mlinzi wa mlango, na yule pepo anayechomwa mkuki awe abiria asiye na tiketi. Shangwe! Na nani abonyeze kitufe cha kufungua milango siku ya uzinduzi? Macho yote kwangu. Nikainamisha kichwa kama bwana harusi.

Ndipo Ponchu akakohoa. Ponchu Haldar, karani mstaafu wa posta, mtu anayesoma hata maandishi ya ubavuni mwa kiberiti. Akasema, kaka Bhombol, hadithi yako tumeisikia miaka arobaini, tiketi yako hatujaiona hata siku moja. Iwekwe mezani Jumapili ijayo, la sivyo kitufe atabonyeza yeye. Wakapiga kura. Pendekezo likapita. Hata rafiki yangu Nontu kinyozi alinyoosha mkono! Anasema alikuwa anajikuna.

Kitufe si kitu. Tatizo ni mke wangu Shephali. Nilipokwenda kumposa, walikuwepo wachumba wengine wawili, wote wana kazi serikalini. Mimi nilikuwa na safari ile tu. Niliisimulia mbele ya baba yake, sahani ya peremende za maziwa magotini, na wiki hiyohiyo nikakubaliwa. Sasa Ponchu akinivua nguo mbele ya mtaa, mke wangu atajiona aliolewa na nani?

Tiketi ilipotea. Tiketi hupotea! Hilo si kosa la jinai.

Jumanne, 17 Septemba

Siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Juu ya mapaa wanarusha tiara. Leo hakuna mashine inayoguswa: zinapumzika, zinavishwa maua, zinapewa peremende. Shephali ameivika mashine yangu ya fotokopi shada zuri la manjano.

Lakini fikiri nami. Leo ndiyo siku pekee duka limefungwa na hakuna mteja wa kuchungulia. Tiketi ya asili imepotea, basi naitengenezea ndugu yake. Picha yake ipo kwenye gazeti la zamani. Nikamwomba mungu wa mafundi atazame kwingine dakika mbili. Nikawasha.

Mashine ikameza shada. Lote! Ikalia kama mbuzi, ikatoa moshi, kisha ikatema tiketi moja yenye kivuli cha ua katikati. Nikaipenda. Kile kivuli kinafanana kabisa na muhuri wa serikali.

Shephali akafuata harufu hadi chini dukani. Akauliza nani kaiamsha mashine siku ya mapumziko yake. Nikasema imeamka yenyewe. Akanitazama, akatazama petali kwenye masharubu yangu, akapanda ngazi.

Tiketi ni nyeupe mno. Inatakiwa izeeke miaka arobaini kabla ya Jumapili. Nimeichovya kwenye chai yangu. Akili nyingine hazifundishwi shuleni, ndiyo maana niliacha mapema.

Alhamisi, 19 Septemba

Msiba. Chai ya nyumba hii ina maziwa, iliki, na sukari vijiko vitatu. Tiketi niliianika dirishani na ilipata rangi tamu ya kizamani. Tamu mno. Asubuhi nimekuta msafara wa sisimizi kutoka dirishani hadi ukutani, kila mmoja na mzigo wake. Kimebaki kipande cha ukubwa wa kucha. Nikawatukana sisimizi wote pamoja na mama yao.

Jioni nikaenda bandani kujituliza. Stesheni inapendeza! Mianzi imesimama, kitambaa kimepakwa rangi ya vigae, na pembeni wamechimba handaki dogo la kukumbusha miaka ile barabara yetu ilipokuwa shimo. Nakumbuka vizuri. Tulivuka kwenda sokoni juu ya mbao. Mabibi harusi walibebwa migongoni. Baba alikuwa akiwauzia wachimbaji bilinganya za kukaanga, akawa anaomba reli isikamilike. Mjomba wangu alitumbukia mara mbili; mara ya pili kwa makusudi, maana chini kulikuwa na ubaridi.

Ponchu anaandika ubao wa historia kwa mkono wake wa posta. Ameandika kwamba tarehe 24 Oktoba kilifunguliwa kipande kifupi tu cha katikati, Esplanade mpaka hapa Bhawanipur. Kwamba mwisho wa kaskazini, Dumdum, milango ilibaki imefungwa mpaka mwezi uliofuata. Nikamwambia Dumdum aifute. Akauliza kwa nini. Nikasema ubao ni mdogo. Akasema ubao una futi kumi na mbili. Nikasema basi maandishi ni makubwa. Akanikazia macho muda mrefu. Sipendi Ponchu akinitazama. Anatazama kama anatafuta stempu.

Mpango mpya: shahidi.

Jumapili, 22 Septemba

Siku ndefu kuliko handaki lenyewe.

Shahidi wangu ni Nontu kinyozi. Nilimlisha peremende nane za rosogolla na kumfundisha sentensi moja tu: nilimwona Bhombol akiingia kwenye treni. Basi. Kinyozi hajawahi kuishia kwenye sentensi moja.

Alianza vizuri. Kisha utamu ukampanda kichwani. Akasema alimwona Bhombol ameketi dirishani, upepo unampeperusha nywele, anatazama viwanja vya Maidan, mbuzi wanakula majani, jua linamulika kandambili zake za bluu. Nikamkanyaga mguu. Akaongeza mbuzi wawili.

Ponchu akamuuliza kwa upole kabisa, "Ndugu yangu Nontu, si treni ilikuwa chini ya ardhi?"

Nontu akafikiri. Jasho likamtoka. "Ndiyo," akasema. "Na mbuzi pia."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Ponchu hakucheka, na hilo ni baya zaidi. Akafungua daftari aandike uamuzi. Na hapo mlangoni akaingia Shephali, sinia la chai mikononi, ushungi umekaa sawa. Akagawa vikombe vyote, asimruke hata mtu mmoja. Halafu akachomoa kitu kwenye ncha ya sari, akakiweka mbele ya Ponchu. "Shemeji Ponchu, kelele za nini? Tiketi si hii hapa. Nilikuwa nimeihifadhi na bangili zangu za harusi. Huyu angeiweka yeye ingeliwa na sisimizi."

Tiketi! Ya kweli! Esplanade hadi Bhawanipur, tarehe ileile! Ponchu aliitazama kwa lenzi, akaigeuza, akainusa. Akafunga daftari. Akasema kwa sauti ya mtu anayemeza mwiba wa samaki kwamba kitufe ni cha kaka Bhombol. Nikasimama nikainama pande zote nne. Nikamsamehe kila mtu, hata Nontu.

Nyumbani nikamuuliza Shephali kaipata wapi. Akasema ni yake. Siku ile alipanda treni ya kwanza pamoja na baba yake. Behewa la tatu. Wote wawili walizunguka kila behewa kwa furaha, wakatazama kila uso. Uso wangu haukuwemo.

Kwa hiyo siku ya posa yeye alijua. Na baba yake alijua! Alikuwa ananiongezea peremende huku anajua!

Nikauliza, sasa kwa nini alinikubali? Akasema, "Wale wawili walisema ukweli mtupu. Nikasinzia."

Kisha akauliza, "Wewe, unasikia? Siku ile ulikuwa wapi?" Nikashikwa na kikohozi kikali. Nikamwambia labda hakutazama vizuri. Behewa lilikuwa limejaa.

Jumatano, 9 Oktoba

Uzinduzi! Ngoma, ubani, taa hadi mwisho wa mtaa. Mimi ndani ya dhoti ya harusi, shuka ya kiunoni, iliyopungua upana bila sababu inayojulikana.

Niliamka na wazo kubwa, safi, la kiungwana. Nitamwambia kila mtu ukweli. Nilipewa kipaza sauti. Nikamwona Shephali mstari wa mbele, sari nyekundu, kitindi cheupe kipya mkononi. Moyo ukanijaa. Nikasema: abiria wa kwanza halisi si mimi, ni mke wangu Shephali! Makofi! Wanawake wakapiga vigelegele. Shephali akaziba uso kwa aibu ya furaha. Nontu akalia. Hata Ponchu akatikisa kichwa kwa heshima.

Hapo ndipo mtu mwenye akili hurudisha kipaza sauti.

Mdomo ukaendelea wenyewe. Ukasema: "...nami nilikuwa pembeni yake, nimemshika mkono gizani!"

Makofi yakakatika kama umeme. Shangazi mmoja akaanza kuhesabu kwa vidole. Oktoba ile. Harusi mwaka uliofuata. Kabla hata ya posa! Binti wa mwalimu wa Sanskriti, gizani, na mtoto wa muuza bilinganya! Mwingine akasema kumbe ndiyo maana aliwakataa wale wa serikalini. Shephali aliondoa mikono usoni. Heri angeiacha palepale.

Nikabonyeza kitufe haraka ili mambo yaendelee. Milango ikafunguka, kundi likaingia kwenye treni ya mianzi, Shephali na Ponchu wakiwa wa mbele. Nami nikiwa nakanyaga kizingiti, kijana anayevuta kamba ya milango alinielewa vibaya nilipompungia mkono. Milango ikajifunga. Wao ndani, mimi nje, ncha ya dhoti imenaswa mlangoni. Dakika ishirini. Watu walijipanga kupiga picha, wakidhani ni sehemu ya maonyesho ya abiria asiye na tiketi.

Jumapili, 13 Oktoba

Sanamu ya Durga imezamishwa mtoni, sikukuu imeisha. Shephali hajanisemesha siku nne. Chakula kinawekwa mezani kana kwamba kimejileta. Leo wanawake walipokuwa wakipakana poda nyekundu kumuaga mama Durga, walimtania: ehe, shemeji, giza la behewa lile lilikuwaje? Yeye, ambaye siku ile mkono wake ulikuwa mkononi mwa baba yake muda wote.

Ponchu alikuja kunikumbatia, kama sikukuu inavyomtaka. Alinikumbatia kama mtu anayepima jeneza. Akanong'ona kwamba anajua kuna kitu ninakificha, ila hajui ni nini. Nikampa peremende mbili za laddu.

Matokeo: tumekuwa wa pili kutoka mwisho! Wa mwisho ni mtaa wa pili! Nilijua.

Kabla ya kulala Shephali akafungua kinywa. Akasema tarehe 24 tutapanda pamoja, Esplanade hadi Bhawanipur, saa ileile. "Nataka mara moja tu maishani mwangu uwe kweli ndani ya treni niliyomo mimi. Ukiwepo, nimesamehe. Usipokuwepo, hadithi ile usiisimulie tena nyumbani kwangu." Nikaapa kwa kichwa cha mama Durga, aliyekuwa tayari yuko chini ya maji.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kila kitu kilipangwa. Tulifika Esplanade mapema. Shephali alivaa sari nyekundu, akabeba ile tiketi ya zamani kwenye kipochi kwa kumbukumbu. Tukasimama jukwaani bega kwa bega. Treni ikaja. Milango ikafunguka. Akaingia. Akageuka, akaninyooshea mkono.

Na mimi nikamwona Ponchu hatua kumi nyuma yetu, anazungumza na mwandishi wa gazeti! Anasimulia historia ya reli! Ponchu, ambaye mwaka ule alikuwa akigonga mihuri posta ya Burdwan, mji mwingine kabisa! Mtu hawezi kuacha hilo lipite. Sekunde tano tu, nilijiambia. Nikamrukia yule mwandishi, nikamwambia anayemtafuta ni mimi, na si treni ile ya kwanza tu: hata ile njia mpya iliyopita chini ya mto Hugli mwaka huu, mguu wa kwanza ulikuwa wangu. Mwandishi akaandika! Ponchu akauliza tiketi ya mto iko wapi.

Nyuma yangu milango ikajifunga.

Nilipogeuka, mkono wa Shephali ulikuwa bado umenyooshwa, upande wa pili wa kioo. Treni ikaondoka polepole. Nilidhani atalia. Alikuwa anacheka, mwanamke yule, anacheka mpaka kashika nguzo, akinionyesha kwa abiria wote behewa zima.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nikamkuta anakaanga samaki. Akasema hadithi imekufa rasmi, ila nikimwambia siku ile nilikuwa wapi, ataifufua. Nimesema nitamwambia kesho. Samaki nilipewa mkia.

Tiketi ya chini ya mto iko dirishani inakauka. Safari hii nimetumia chai isiyo na maziwa. Sukari kidogo tu, kwa ajili ya rangi. Ponchu atakoma.

Kalamu inaishiwa wino, na daftari hili halisomwi na mtu, basi niandike. Treni ile sikuipanda. Bahati sina, sijawahi kuwa nayo. Nilikuwa Dumdum. Nilipanga foleni tangu alfajiri, wa kwanza kabisa, peke yangu, mbele ya geti lililofungwa, mpaka mfagiaji akaniambia nirudi mwezi ujao.