Sajini Niliyemzaa kwa Kidole Gumba

Jumatatu, 7 Julai

Ramula amelala, uso ukutani. Hajala tangu jana. Nimeuliza: malaria? Hapana. Mvulana? Hapana. Mioyo tisa! Alijirekodi akicheza na sinia la sambusa zangu, akaweka Tiktok, akapata mioyo tisa, na mmoja kajipa mwenyewe. Night wa jirani kaosha kikombe tu, kapata mia nne na kumi na mbili. Kikombe! Cissy, mama yake, kaniletea habari hiyo juu ya uzio bila kuombwa. Ananiita Hajati. Sijafika Maka, lakini simsahihishi.

Huyu mtoto wa kaka yangu nimemlea tangu ana miaka sita, kwa sambusa, bila msaada wa mtu Jinja nzima. Sasa ana kumi na tisa, na shingo kama ya kifaranga. Na Jumamosi kuna harusi Buwenge: sambusa mia sita. Nimemwambia simu haishibishi. Akavuta shuka.

Jumanne, 8 Julai

Nimezaa mwanaume. Bila uchungu, bila mkunga, kwa kidole gumba. Kwenye Tiktok anaitwa Sam, Mkristo, wa Mbale. Mbali kiasi, hakuna wa kuuliza ni mtoto wa nani. Uso sina wa kumpa, nimemwekea picha ya mlima Wanale. Mabega mapana.

Sam ameipa moyo kila video ya Ramula, zote thelathini na moja. Chini ya ile ya sinia ameandika: "Dada, unang'aa. Umekula?"

Haukupita muda Ramula katoka chumbani, kaomba ugali wa posho na maharagwe. Akarudia sahani. Nilisimama jikoni nikipangusa macho. Vitunguu.

Jumatano, 9 Julai

Ramula amemwuliza Sam mbona anaandika Kiswahili, ni mwanajeshi? Hapa Uganda, Kiswahili watu wanakijua kwa jeshi. Sasa ningesemaje? Kiingereza changu kinaishia kwenye risiti. Nikajibu ndiyo, sajini. Akamwita afande! Mimi hapa nyumbani hajawahi kuniita hata madamu.

Cheo kina faida. Sajini kasema anapenda msichana anayeamka alfajiri. Kaamka. Sajini kasema msichana mzuri hamjibu shangazi yake. Kimya siku nzima. Sajini akampongeza: "Manda za sambusa mia mbili na arobaini leo, inshallah kesho mia nne."

Basi Sam akapita na kwa Night, kwenye kile kikombe chake. Akaandika: "Bado kina mafuta." Watu themanini wamecheka. Nimepata usingizi mtamu.

Alhamisi, 10 Julai

Cissy kwenye uzio, macho mekundu. Night hali, halali, ameosha vikombe vya nyumba nzima mara tatu. Eti kuna mwanajeshi Mbale kamdhalilisha. Akimpata mtu huyo, atamkaanga. Nilikubali kwamba dunia imeharibika. Nikampa sambusa nne. Mbili za jana. Kisha Sam akamwomba Night radhi: kumbe mafuta yalikuwa kwenye kioo cha simu yake. Akamwachia na mioyo kumi na saba.

Shida nyingine. Ramula anataka kumwona Sam! Nikaona bora afe. Lakini akifa litatakiwa kaburi. Nikamtuma mpakani, hakuna mtandao, kwaheri dada, kula vizuri na usiache unga wazi.

Ramula kasoma. Kageukia ukuta. Sahani haijaguswa. Hata maji. Hesabu zangu hazikuwa na mstari huu.

Ijumaa, 11 Julai, Mbale

Kitanda kitupu! Na kwa Sam, ujumbe: "Afande, nakuja kukuaga. Mtaa wa Nabuyonga, mkahawa unaotazamana na wauza magodoro. Nitangoja mpaka uje." Mpaka uje! Na Sam hana hata miguu.

Sambusa mia sita zimekunjwa, hazijakaangwa. Nilizitazama. Zikanitazama. Nikamtupia Cissy ufunguo juu ya uzio, nikakimbilia gari la Mbale.

Nikamwona. Peke yake, chai imepoa, macho mlangoni. Nikajibanza nyuma ya magodoro, nikaandika: "Dada, nimezuiwa kambini. Rudi nyumbani. Umekula?"

Kasoma. Kaandika. Simu yangu ikalia mtaa mzima usikie: "Afande, toka nyuma ya magodoro. Na uvue aproni."

Alijua tangu Jumatano! Sajini gani Mkristo anasema inshallah? Sajini gani wa Mbale ana hesabu ya manda za Jinja? Nikauliza kwa nini basi kanikimbiza mpaka huku. Akasema Sam alipoaga, alidhani hata mimi nimemchoka. Alitaka kuona kama Sam angekuja. Kwamba katika watu wote wa ndani ya simu ile, Sam peke yake ndiye aliyeuliza kama amekula.

"Shangazi, si ungeniuliza kwa mdomo tu?"

Nikaagiza chai mbili na chapati. Tulikula. Chapati zao ngumu.

Jumamosi, 12 Julai

Cissy na Night walizikaanga sambusa zote, wakazipandisha bodaboda mpaka Buwenge. Bibi harusi kasifu. Zilifika mia tano themanini na tano. Kumi na tano zimeenda wapi? Sikuuliza. Nimeandika tu.

Ramula na Night wameifuta Tiktok. Wako uani, wanasukana nywele na kucheka. Wananicheka mimi, nadhani.

Jumatatu, 14 Julai

Sam bado yupo. Kumfuta ni hasara, ana wafuasi mia tatu na sita. Jana nilimwekea video: mikono yangu ikikunja sambusa, ufundi wa miaka ishirini. Mioyo minne. Minne! Na kikombe?

Nimelala, uso ukutani. Ramula kaja na sahani, kaniuliza kama nimekula. Kwa mdomo. Nikamwambia sajini aliyedharauliwa hali. Kacheka mpaka kakaa chini. Kaacha sahani, kaenda kusukuma manda.

Dawa nimeipata. Sam anahitaji mtu wa kumtia moyo, na nimeshamzaa: Lillian, nesi, wa Tororo. Uso wake ni picha ya ziwa letu la hapa Jinja, pale Wanyange. Tangu asubuhi kampa Sam mioyo thelathini.

Nimeanza kusikia njaa.