Jeki, Mikanda na Pikipiki ya Baba

Jumanne, 4 Machi

Nimepewa hadi Jumamosi. Kaka amepata mnunuzi wa pikipiki ya marehemu Baba, na Mama hajakataa. Amesema tu kwamba ikitembea haiuzwi, na Jumapili nimpakie nyuma nimpeleke makaburini, kama Baba alivyokuwa akimpakia kwenda sokoni. Kisha akaanza kufuta meza. Meza ilikuwa safi.

Kazi yenyewe si kubwa. Beringi za gurudumu la nyuma zimekwisha. Gurudumu litoke, beringi mpya ziingie, basi. Tatizo ni kuinyanyua, maana stendi yake kubwa ilivunjika Baba akiwa hai. Nimeazima jeki kwenye buti la gari la Kaka. Mwenyewe hajui bado.

Jumatano, 5 Machi

Kaka amejua. Alisimama mlangoni mwa gereji, mikono kiunoni, utadhani yeye ndiye aliyeijenga. Akanihubiria. Jeki haiwekwi chini ya injini, inawekwa chini ya fremu, na ubao katikati. Gurudumu la mbele lizuiwe kwa tofali. Halafu mikanda, kulia na kushoto, ifungwe kwenye kitu kizito kisichosogea. Eti ndivyo Baba alivyokuwa akifanya. Eti mimi sikuwa naangalia.

Sikuwa naangalia! Nani alikuwa akimshikia tochi?

Hata hivyo ubao nimeweka. Tofali nimeweka. Si kwa sababu yake. Mkanda wa kushoto nimeufunga kwenye nondo za dirisha. Wa kulia ulinisumbua, ukuta ule hauna hata msumari. Mwisho nikaona kitasa cha mlango. Mlango wa chuma, mzito, kuufungua ni shughuli ya watu wawili. Nikapandisha jeki taratibu. Gurudumu likaachana na sakafu! Nilitamani Baba angekuwepo aone.

Alhamisi, 6 Machi

Sina hamu ya kuandika.

Mama aliniletea chai. Mlango ule hufunguka kwa nje, na kwa kuwa ni mzito aliuvuta kwa nguvu zake zote. Pikipiki ikamfuata. Mkanda wa kushoto haukulegea hata kidogo, nausifu. Dirisha ndilo lililotoka ukutani, na nondo zake zote.

Mama aliwahi kuruka kando, namshukuru Mungu. Kikombe kimevunjika. Tangi limebonyea pale Baba alipokuwa akiweka kofia yake. Mama akachuchumaa, akaweka kiganja pale palipobonyea, akakaa hivyo kitambo. Akasema miaka yote ile marehemu hakuwahi kuiangusha. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Nililia, na hilo naliandika hapa kwa sababu hakuna atakayelisoma.

Kaka alikuja tukaiinua pamoja. Hakusema neno lolote. Huyu mtu ana dharau sana.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi Mama aliniuliza jambo moja tu, naweza au siwezi. Nikamwambia naweza. Akanitazama, akasema haya, mpaka kesho mnunuzi atakapofika.

Nimejichunguza kwa haki, bila kujipendelea. Kosa nimeliona. Kosa ni mlango. Kwa hiyo nimeupiga kufuli na ufunguo uko mfukoni mwangu. Hata Mama na chai yake hapiti. Mkanda wa kulia nimeurudisha palepale kwenye kitasa.

Wa kushoto umeniumiza kichwa, maana dirisha halipo tena. Lakini tundu lake lipo! Nimeupitisha hapo mpaka nje, na nje, ubavuni mwa gereji, limeegeshwa gari la Kaka. Kitu kizito kisichosogea, kama alivyosema mwenyewe. Nimeufunga nyuma ya gari, chini ya bampa. Nimechungulia kiooni, breki ya mkono imevutwa. Mimi si mtu wa kubahatisha.

Jeki imepanda. Gurudumu limetoka, limeegemea ukuta. Beringi mpya nitazigonga kesho mapema. Mama amenisikia nikiimba, akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Ameshatoa na viatu vyake vya Jumapili.

Kaka analala hapa leo. Ameaga kwamba alfajiri anatoka na gari kumfuata mnunuzi wake. Sikumwambia kitu, asije akaanza kuhubiri tena. Aende tu. Akirudi ataikuta imesimama palepale nilipoiacha.