Tumbo la Mkuu wa Stesheni

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha wanaojitolea, makumbusho yetu ya mavazi ya zamani. Watu sita, viti vitano. Aliyesimama ni mimi, na hilo peke yake linaeleza ninavyothaminiwa pale.

Habari nzito. Mama mwenye jengo anakuja Jumamosi kutukagua. Akiridhika, tunakaa mwaka mwingine bure. Asiporidhika, vyumba vyetu viwili na dirisha la kioo vinakwenda kwa muuza simu wa jirani, na nguo zote zinarudi masandukuni. Niliumia, nasema kweli. Tangu nistaafu posta sina pengine ninapoulizwa maoni. Kwamba hayafuatwi ni jambo jingine.

Dirisha ndilo atakaloliona kwanza, na dirisha ni la shemeji: dada mkubwa wa mke wangu, muuguzi mstaafu, anayetuamrisha kama wagonjwa. Nikatangaza kwamba safari hii niachiwe mimi. Nitaweka koti la mkuu wa stesheni wa zamani, lenye vifungo vya shaba na kiuno cha pipa. Shemeji akasema koti lile ni kazi ya wiki nzima. Nikamwambia mimi nalimaliza asubuhi moja. Kura zikapigwa. Nimeshinda!

Baadaye mke wangu ameniambia kura iliyonivusha ilikuwa ya shemeji. Hapo pana namna.

Jumatano, 5 Machi

Sanamu zetu zote tulipewa na duka la nguo za kina dada. Hazina hata dalili ya kitambi. Shemeji huzijaza pamba na soksi kuukuu mpaka zipate mwili, kisha huzifunika vichwa kwa kitambaa cheupe, ili mgeni atazame nguo, asitazame sura. Kazi ya kuchosha. Mimi nimegundua njia ya mkato: mto wa kitandani.

Nimeufunga kwa kamba. Tumbo likatokea ubavuni. Nikausogeza, likahamia mgongoni. Mkuu wa stesheni sasa ana kibyongo.

Jioni mke wangu aliulizia mto wake. Nikamwambia siku hizi kuna wezi wa ajabu.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu ananishauri nimwombe dada yake msaada. Nimwombe! Nimekataa katakata. Nimeongeza mto wa pili, wangu. Leo sote wawili tunalalia mikono, na mmoja wetu hasemi na mwenzake.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa. Nilifika mapema, peke yangu. Nikavuta kamba kwa nguvu mara ya mwisho, sanamu ikakatika kiuno. Nusu huku, nusu kule. Na nje gari la mwenye jengo linaegeshwa!

Sheria ya kwanza ya makumbusho imebandikwa mlangoni: nguo za maonyesho hazivaliwi, atakayevaa anafukuzwa. Nilifikiri, lakini si sana. Nikavaa. Koti likanikaa utadhani nilipimwa. Nikasukuma vipande vya sanamu nyuma ya masanduku, nikavua viatu, nikavuta foronya kichwani na glavu mikononi, nikapanda dirishani.

Mwenye jengo akaingia na shemeji. Nilimsikia akipita magauni yote bila neno. Ukimya ule ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuamua. Mbele yangu akasimama. Akanizunguka. Akanibonyeza tumbo kwa kidole. Nikabana pumzi. Akasema amezunguka makumbusho mengi, hajaona tumbo lililojazwa kwa ustadi namna hii. Ukilibonyeza linarudi lenyewe! Akataka kujua ni kazi ya nani.

Nilihisi shemeji akiinama kutazama miguu yangu. Soksi ya kushoto ina tundu, na kidole gumba kilikuwa nje kinapunga hewa. Nikajua nimekwisha.

"Ni kazi ya mdogo wangu, mama," shemeji akasema taratibu. "Amelijaza kidogo kidogo, tangu waoane na mumewe."

Mwenye jengo akasema subira kama hiyo haipatikani siku hizi. Akatupa mwaka mwingine palepale. Nilitamani kurukaruka, lakini sanamu hazirukiruki.

Jumapili, 9 Machi

Kikao cha dharura. Mke wangu, ambaye hajawahi kushika sindano pale, amechaguliwa msimamizi wa dirisha kwa kauli moja. Mimi nimelaumiwa kwa kuvunja sanamu na kutoonekana siku ya ukaguzi. Ningejitetea vipi, na ile sheria inanitazama kutoka mlangoni?

Shemeji akanifuata nje. Mwenye jengo anarudi Jumamosi na rafiki zake, waje kuona tumbo.

"Shemeji, uvae soksi nzima," akaniambia. "Na usipungue."

Mke wangu amenipakulia mara tatu leo, anasema ni majukumu ya ofisi. Ameanza kusema nami, angalau. Heshima inayonistahili ndiyo bado. Lakini nimelifikiria hili kwa makini, na safari hii sioni pa kuharibika. Jumamosi, wageni wakishajaa mbele ya kioo, nitawapungia mkono. Kidogo tu. Wajue wanayemsifu ni nani.