Jinsi ya Kumtoa Shemeji Kwenye Gereji

Jumamosi, 6 Aprili

Ndege wamelichafua gari tena. Safari hii wamelenga kioo cha mbele, upande wa dereva, kana kwamba wananijua. Nimelifuta kwa fulana kuukuu huku nikiitazama gereji yangu mwenyewe, ambayo ndani yake mna cherehani, meza ya pasi, kitanda cha kukunja, sanamu ya kupimia nguo isiyo na kichwa, na shemeji.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mke wangu. Fundi nguo. Jengo lililokuwa na duka lake lilibomolewa, akaja kujishikiza kwetu kidogo tu, mpaka mambo yakae sawa. Mambo hayajakaa. Yeye amekaa.

Kumwambia aondoke haiwezekani. Nilijaribu kuligusia jambo hilo kwa mke wangu, kwa mbali, nikitumia mfano wa mtu mwingine kabisa. Akasema huyo mtu mwingine akumbuke kwamba kaka wa mkewe ndiye aliyemlea huyo mke baada ya baba yao kufariki, na kwamba atakayemfukuza kaka atakuwa amemfukuza na mke. Nikasema nitamfikishia ujumbe.

Kwa hiyo shemeji lazima aondoke mwenyewe, kwa hiari yake, huku akitabasamu. Nimekaa ndani ya gari nikafikiri mpaka jibu likaja. Ukarabati! Hakuna anayeweza kumlaumu mwanamume anayetengeneza nyumba yake. Nitaikarabati gereji ile mpaka isikalike.

Nimemtangazia mke wangu kwamba kazi zote nitazifanya kwa mikono yangu. Akauliza kama nalikumbuka bomba la bafuni. Swali lenyewe lilikuwa la kichokozi.

Jumapili, 7 Aprili

Mpango: kutoboa tundu la hewa kwenye ukuta unaotazama barabara. Tundu dogo tu, la kuingizia vumbi na kelele za pikipiki. Shemeji anashona mashati ya shule, meupe. Mtu mwenye vitambaa vyeupe hawezi kukaa na vumbi la barabarani hata wiki.

Nikamweleza kwamba nina wasiwasi na afya yake, gereji haina hewa. Macho yake yakalengwa na machozi. Nusura nione haya.

Nikachukua nyundo na tindo. Tofali la kwanza lilitoka vizuri. La pili likatoka bila kuguswa. Mengine yakafuata, kama wageni kwenye sherehe wanaosubiri mmoja aage ndipo wote wainuke. Vumbi lilipotulia palikuwa na uwazi ambao ndama angepita bila kuinama.

Jirani yetu wa upande wa kushoto, mzee tunayemwita Mstaafu kwa sababu kazi yake siku hizi ni kuupunguza ua wake wa michongoma na kututazama, alichungulia juu ya ua huo akauliza kama tumevamiwa. Nikamwambia ni dirisha. Akauliza la nani, la tembo?

Shemeji alizoa kifusi, akapigilia ubao chini ya uwazi ule, akaisogeza cherehani penye mwanga. Anasema tangu aje hakuwahi kutunga uzi kwenye sindano bila miwani, na leo ametunga. Jioni mama mmoja aliyekuwa akijipitia barabarani alisimama kuuliza kama suruali ya mumewe inaweza kupunguzwa. Ikapunguzwa palepale.

Nilitaka kumletea vumbi. Nimemfungulia duka.

Jumatano, 10 Aprili

Naandika nikiwa nimepinda. Maelezo yanafuata.

Mpango wa pili ulikuwa rangi. Stoo kulikuwa na makopo yaliyobaki tangu tuhamie: bluu ya milango, nyeusi ya geti, kahawia ambayo hakuna anayekumbuka ilikuwa ya nini. Jana niliyamimina yote kwenye ndoo moja nikakoroga. Ikatoka rangi ya maini yaliyosahaulika juani, na harufu ya kumfanya mtu asahau alikozaliwa. Nikapaka kuta zote za gereji, mara mbili, kwa furaha.

Shemeji alipotoka nje akikohoa nilijua ushindi uko mlangoni. Kwa kweli ulikuwa mlangoni. Uliingia ndani, kwa mke wangu. Yeye alisema kaka yake ana kifua na hawezi kulala kwenye harufu ile. Shemeji akapewa chumba cha watoto. Watoto wakahamia kitandani kwetu, na mama yao. Sebuleni, kochi lilikuwa limejaa mashati ya shule yaliyokatwa, na nikaonywa nisiyaguse kwa sababu yamepangwa kwa saizi.

Nimelala kwenye gari. Kiti cha nyuma cha gari langu hakikutengenezwa kwa mtu mwenye magoti.

Asubuhi shemeji aliniletea chai dirishani, mwenyewe, kwenye sahani. Akanishukuru kwa kumpisha. Akasema hajawahi kuona mtu wa moyo kama wangu. Nikasema si kitu, shingo ikiwa imegoma kugeuka upande wake.

Mchana harufu yote ilikuwa imeshatoka nje kupitia lile tundu la tembo. Shemeji ametundika mashati yake ukutani, na meupe yale juu ya maini yale yanang'aa kama meno. Msichana mmoja wa duka la jirani alikuja kuuliza rangi hiyo inaitwaje, anataka kulipaka duka la bosi wake. Shemeji akanielekezea kidole kwa fahari, akasema imebuniwa na shemeji yake.

Nikamwambia msichana ni siri ya kazi.

Ijumaa, 12 Aprili

Rangi na matundu ni mambo ya juu juu. Nimeamua kuanzia chini.

Mpango wa tatu: sakafu ya zege. Sakafu yenye mteremko. Sakafu ya kawaida humwaga maji nje. Yangu itayavuta ndani. Mvua zimekaribia, mawingu yanaonekana. Mtu akiamka akakuta ndala zake zinaelea, atajiongeza.

Niliweka alama za mteremko nikiwa nimesimama ndani ya gereji, naangalia nje. Kulia chini, kushoto juu, na nyuma chini kabisa. Nikaenda kukoroga zege. Shemeji na watoto wakatoa vitu vyote, hata ile sanamu, wakaishikilia mkono mmoja huku na mmoja huku kama bibi harusi. Halafu nikamwaga zege nikiwa nimesimama nje, naangalia ndani.

Mstaafu alikuwa juu ya ngazi yake na mkasi wa michongoma. Akasema maji ya sakafu hiyo yatakwenda kwangu. Nikamwambia hii ni gereji yangu, maji yakienda kwangu ni haki yake. Akasema hakumaanisha hivyo. Nikamwambia huu ni mtindo wa kisasa, na kwamba wakati wake watu walikuwa wanajenga kwa kukisia. Akarudi kwenye majani yake. Alikuwa anacheka. Nililiona bega likitikisika.

Zege limelala vizuri. Nimeandika tarehe pembeni kwa kijiti, na chini yake neno FUNDI.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua imenyesha.

Nilikuwa nimeingoja dirishani kama mtoto. Ilipoanza nilivaa koti nikatoka kwenda kumpa shemeji pole mapema. Nilimkuta amekaa kwenye cherehani, miguu mikavu, anaimba kwa sauti ya chini. Maji yaliyoingia kwa dirisha la tembo yaligusa sakafu, yakafikiri kidogo, yakateremka upande wa kulia kwa adabu kabisa, yakatoka kwa mlango mdogo wa pembeni.

Mlango mdogo wa pembeni unatazamana na mlango wa jikoni kwangu.

Kulia ukiwa ndani si kulia ukiwa nje. Jambo hili ni dogo na sioni kwa nini litajwe zaidi.

Sauti ya mke wangu niliisikia kabla sijamwona. Alikuwa amesimama juu ya stuli, mfuko wa unga kifuani kama mtoto mchanga, na sufuria ya maharagwe ikizunguka mezani, namaanisha kuizunguka meza, kwa chini. Bahati mbaya hata paa la gereji lilikuwa linachangia, na michirizi yote ilikuwa imepata njia moja safi, laini, ya zege, iliyoandikwa FUNDI.

Nilianza kuchota maji kwa kikombe. Shemeji akapita kando yangu. Akarudi gereji, tukasikia cherehani inalia kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia, akatokea na mifuko mirefu ya turubai iliyoshonwa pande tatu. Tukaijaza mchanga uliobaki kwenye kazi yangu. Watoto wanabana midomo ya mifuko, yeye anafunga, mimi napanga. Maji yakasimama mlangoni, yakatazama, yakageuka kwenda bustanini.

Mke wangu alishuka kwenye stuli. Alimshukuru kaka yake. Halafu akanitazama mimi, akaniuliza kama nina njaa, kwa upole. Upole ule umenitisha kuliko mvua.

Jumatatu, 15 Aprili

Naandika kabla sijalala.

Baada ya chakula cha jioni shemeji aliomba kuzungumza nami mbele ya dada yake. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu na amebeba kifurushi. Watoto wakaambiwa wakacheze. Nikajua kuna jambo, maana mwanamume anayeishi gereji kwangu havai shati la mikono mirefu bila sababu.

Akaanza kwa kuomba radhi. Alisema anajua amekaa muda mrefu, na kwamba gari langu limeteseka nje kwa ajili yake. Akasema tangu mwezi uliopita alikuwa amepata chumba kizuri, karibu na lilipokuwa duka lake, na alipanga kuhama jana. Alimwomba dada yake asiniambie, alitaka kuniaga vizuri, akiwa na kitu mkononi.

Akafungua kifurushi. Vitambaa vya viti vya gari, vya kijivu, vyenye mshono mwekundu pembeni. Alikuwa amepima viti vyangu nikiwa kazini. Alivishona baada ya kumaliza mashati. Nilivishika. Sijui mishono, lakini hata mimi niliona kwamba mtu aliyeshona vile hakuwa na haraka.

Kisha moyo ukapaa. Anahama! Nilikwisha kuliona gari langu kivulini, safi, viti vya kijivu. Nikamwambia, kwa sauti ya majonzi niliyoitafuta vizuri, kwamba tutamkosa sana, na kwamba kuhusu usafiri wa mizigo asijali.

Shemeji akatikisa kichwa.

"Nimewapigia simu wenye chumba, shemeji. Nimewaambia wampe mtu mwingine."

Nikamwuliza kwa nini. Nadhani niliuliza. Midomo ilitembea.

"Umenitobolea dirisha, wateja wakanijua. Ukanipakia rangi. Ukanimwagia sakafu, maji yakaja kwako ili mimi nibaki mkavu. Mtu aliyenifanyia haya yote nitamwachaje?"

Akanikumbatia. Mikono yangu ilibaki pembeni, kisha mmoja ukainuka wenyewe ukampiga mgongoni mara mbili tatu. Alipotoka alikuwa anapangusa macho.

Nikabaki na mke wangu. Alikuwa anakunja vile vitambaa, taratibu, pembe kwa pembe. Nikamwuliza tangu lini alijua nilichokuwa nakifanya.

"Tangu tofali la kwanza."

"Na hukunizuia?"

"Baba watoto, nimekuomba dirisha na sakafu kwenye gereji ile tangu tumehamia hapa. Ningekuzuiaje umeshaanza?"

Nikasema na jikoni je. Akasema jikoni hakutegemea, lakini sakafu imeshaoshwa, na maharagwe yenyewe yalikuwa yamebaki kidogo tu.

Kusema kweli nilisikia aibu. Yule bwana alikuwa ananishonea zawadi, na mimi nilikuwa nampimia mafuriko. Imenikaa kifuani, na sijui kama nitalala.

Jumamosi, 20 Aprili

Aibu imepona.

Nimevivalisha viti vitambaa vyake. Gari kwa ndani ni kama ofisi ya mkurugenzi. Kwa nje ndege wameendelea na kazi yao. Shemeji amechora kibao na kukitundika juu ya dirisha, na leo asubuhi wateja walikuwa watatu na mbuzi mmoja, sijui mbuzi alikuja kupimwa nini. Dada mtu anafurahi. Watoto wanajifunza kushona vifungo. Nyumba nzima ina furaha, na mimi nimetulia, nimetafakari mambo yote tangu mwanzo, kwa moyo mweupe.

Nimegundua kosa langu. Nilishughulika na gereji isiyo sahihi.

Sihitaji ile. Nahitaji ya pili. Nimetembea kwenye uchochoro wa upande wa kushoto wa nyumba, kati ya ukuta wetu na ua wa Mstaafu. Mahali pazuri sana. Pana kivuli. Ningesimamisha nguzo nne na mabati juu, kazi ya mikono yangu mwenyewe, mwishoni mwa juma moja tu. Gari linatosha kwa urefu. Kwa upana limezidi kidogo. Kidogo sana. Mtu akiona atasema hakuna kilichozidi.

Mstaafu anasafiri Alhamisi kwenda kumtembelea binti yake, atakaa huko kwa muda. Ameniomba, kwa ujirani mwema, nimwangalizie nyumba na kumwagilia michongoma. Nimekubali kwa mikono miwili. Nimeshaazima sepetu.

Michongoma ni kitu chenye uhai, na kitu chenye uhai kinaweza kusogea.